Chungu cha Bi Kidawa na Muswada wa Waliotangulia

Habari hizi zimetoka kwa Sikudhani binti Vuai, msusi wa mikeka, mtu ambaye hajawahi kushikwa na uongo ila anapoulizwa umri wake. Aliwahi kufika katika nchi ya Sikivuni. Alifikaje huko? Tumemuuliza mara nyingi, naye hujibu kwamba aliyepotea haulizwi njia. Basi nasi tuliache hilo, tuingie nchini kama alivyoingia yeye, akiwa na njaa, na mkeka ambao haujakwisha umebanwa kwapani.

Sikivuni vyombo vina masikio. Havisemi, husikia tu, na usikivu wake, kwa maneno ya Sikudhani, ulimshinda mumewe kwa mbali. Ufagio huambiwa: anza kwenye kona, fuata ukuta, ukikuta mguu wa mtu zunguka, ukimaliza rudi nyuma ya mlango usimame. Nao hufanya hivyohivyo. Maneno hayo, yaliyopangwa hatua kwa hatua, wenyewe huyaita agizo, na kila kazi ina agizo lake. Ukikosea kulipanga, chombo hakinuni wala hakigomi, hutii vilevile, na hapo ndipo penye balaa. Siku ya kwanza tu Sikudhani alikutana na jembe ambalo mwenyewe alisahau kuliambia shamba linaishia wapi. Lilikuwa limelima mpaka uani kwa jirani, likapita katikati ya harusi, likaacha tuta moja zuri sana baina ya bwana na bibi harusi.

Aliyempokea ni Bi Kidawa, mama ntilie wa soko la vitambaa. Mama huyu aliwapikia wafumaji na watia rangi kwa miaka kumi na tisa, katika chungu kimoja alichorithi kwa mama yake. Chungu kisikivu hakifundishwi kwa siku moja. Hulelewa, huzoeshwa, huambiwa jambo dogo leo na jingine mwakani, na kikipasuka hakisikii tena, hata ukizibe kwa ustadi gani. Bi Kidawa alikipenda chungu chake kuliko dhahabu, na hakuona haya kusema hivyo mbele za watu.

Agizo lake alimpa Sikudhani jioni ileile, kama mtu anavyompa jirani chumvi. Lilikwenda hivi: pasha mpaka maji yachemke, yakichemka, punguza moto, maji yakipungua, ongeza, maharage yakiwa bado magumu, rudi mwanzo, yakilainika, fungua mfuniko. Mwisho kulikuwa na mstari mmoja ambao Sikudhani hakuusikia kwenye chungu kingine chochote katika nchi ile: mgeni akiingia, ongeza kikombe cha maji. Kando ya chungu palikuwa na mtungi uliounganishwa nacho kwa mwanzi ambao hufunguliwa na chungu chenyewe tu, na kweli, Sikudhani alipovuka kizingiti mara ya kwanza, mtungi ule uliinama kama unamwamkia. Akajaribu kutoka na kuingia tena, mtungi usitikisike.

"Ushakuwa mwenyeji, shoga," Bi Kidawa alimwambia. "Chungu hakidanganyiki."

Raha ya kukaa pale ilikuwa kubwa, lakini Sikudhani aligundua kwamba mwenyeji wake hali vizuri wala hacheki mpaka mwisho. Sababu ilikuwa Bunge.

Kwa sheria ya zamani ya Sikivuni, chungu ni cha mwenye chungu, na maneno ya agizo ni ya aliyeyatunga. Ukitaka kuyachukua neno kwa neno, sharti umwombe. Lakini tendo lenyewe, ile akili ya kupunguza moto maji yanapochemka, ilikuwa kama njia ya kisimani, kila mwenye miguu hupita. Sasa Mheshimiwa Makusanya, mbunge mwenye kilemba kikubwa na sauti ya kutosha viwanja viwili, alikuwa ameleta Muswada wa Hati za Waliotangulia. Atakayekuwa wa kwanza kuandikisha tendo, tendo hilo litakuwa lake miaka ishirini, kwa maneno yoyote na katika chombo chochote. Mwingine akilitaka, aombe kibali chenye muhuri. Na tendo la kwanza ambalo Makusanya alikusudia kuliandikisha ni hilohilo la kupunguza moto. Muswada ukipita, kesho yake Bi Kidawa azime jiko, akapange foleni ya kibali, na wafumaji wale upepo.

Sikudhani alikwenda bungeni kusikiliza, kwa kuwa wageni wanaruhusiwa, tena hupewa viti vya mbele. Akakuta Kamati ya Ufafanuzi ikisoma taarifa yake. Kamati hiyo ilikuwa imekaa siku tatu na nusu juu ya maneno mawili, kama lilivyo. Ilikubali kwa kauli moja kwamba agizo kama lilivyo haliwezi kumilikiwa, maana ni maneno na hewa. Ila agizo likiwa ndani ya chungu, likatoa joto, hilo si agizo kama lilivyo, hilo ni agizo kama lisivyo, nalo lamilikiwa. Mbunge mmoja mnyonge wa sauti akauliza, je, kuna agizo lisilokuwa ndani ya chombo, na kama lipo, lafanya kazi gani? Mwenyekiti wa Kamati alimshukuru kwa swali lake zuri, akaomba siku tatu na nusu nyingine.

Kisha Makusanya akasimama. Sikudhani alijiandaa kumchukia, maana alikwisha kula maharage ya upande wa pili. Lakini mtu yule hakuanza na sheria, alianza na bibi yake. Alisema kwamba zamani mtambo wa kufuma ulikuwa ukifika ukingoni mwa kitambaa husimama, mpaka mtu augeuze kwa mkono. Bibi yake, jina lake Nuru, alikaa dirishani mwaka mzima akiubembeleza mtambo wake, mpaka akapata hatua ya kuuambia: ukifika ukingoni, rudi ulikotoka.

"Leo mitambo yote ya nchi hii inarudi," Makusanya alisema. "Mashuka mliyolalia yamefumwa kwa akili yake. Basi nani humu ndani alikuwa analijua jina lake kabla sijalitaja?"

Makusanya akajifuta uso kwa ncha ya kilemba. Sikudhani naye moyo ulimlainika, akaudhika kwamba umelainika. Alikumbuka ua la mkeka alilolibuni mwenyewe kwao, likaigwa mtaa mzima, hadi siku moja mwanamke mmoja akaja kumfundisha yeye namna ya kulisuka, tena kwa ukali. Kwa hiyo hakuweza kusema kwamba mtu huyu hana hoja. Kitu alichoweza kusema ni kwamba chungu cha Bi Kidawa hakina hatia.

Sasa, Sikivuni wana desturi moja ambayo ingefaa kuigwa, kama kuiga bado kunaruhusiwa. Hakuna sheria inayopigiwa kura kabla ya kuonjwa. Zamani waliwahi kupitisha sheria ya kupunguza upana wa milango bila kuijaribu, na Spika wa enzi hizo, aliyekuwa mtu wa mwili, akalala bungeni siku mbili. Tangu hapo, kila muswada hutumika kwanza ndani ya ukumbi wa Bunge kwa siku moja, toka saa tatu asubuhi hadi saa kumi, ndipo kura zipigwe. Kuonja hakukatizwi. Na siku hiyo mpishi wa kuwalisha wabunge huchaguliwa kwa kura ya vijiti. Kijiti kikamwangukia Bi Kidawa.

Akakataa, akabembelezwa, akakubali. Chungu kikabebwa na watu wanne, kikawekwa ndani, mwisho wa ukumbi, juu ya jiko la Bunge, mtungi wake kando. Na jiko la Sikivuni si la kuni unazoweza kuchomoa. Moto unatoka chini ya ardhi, jiko ndilo linaloufungulia na kuufunga, na anayejaribu kuuzima kwa mkono huondoka bila mkono.

Saa tatu kengele ikalia, karani Mosi akafungua daftari jipya la hati, na waheshimiwa wakaondoka vitini mwao kama kuku walioonyeshwa mtama. Makusanya, kwa heshima ya mleta muswada, alitangulia. Akaandikisha kupunguza moto, na kwa kuwa kalamu ilikuwa bado ina wino, akaandikisha na kuhesabu mikono iliyoinuliwa. Mheshimiwa Shungi akachukua kufungua mlango mtu akikaribia, pamoja na kugonga muhuri. Mwingine akachukua kuongeza maji yakipungua. Wawili wakagombea kurudi mwanzo, kila mmoja akidai ametangulia, na kila karani alipowaelewa, mmoja wao alirudi mwanzo. Mzee mmoja wa safu ya nyuma, ambaye hakupata wazo lolote, aliandikisha kushika kalamu kwa vidole vitatu.

Hadi saa tano hali ilikuwa hivi. Viti vya ukumbi, ambavyo huwa vinasogea vyenyewe mtu akitaka kukaa, vilikuwa vimegandishwa kwa hati, waheshimiwa wote wamesimama. Mlango ulikuwa umefungwa, maana Shungi hakuwa ametoa kibali kwa mtu. Kengele ya kumkatiza msemaji ilikuwa mali ya mbunge aliyesinzia kwa kusimama, kwa hiyo aliyeshika zamu ya kusema hakuwa na wa kumzuia, akalieleza shamba lake mti baada ya mti, akafika kwenye milimao. Sikudhani alicheka mpaka akaona aibu. Halafu akasikia mluzi.

Ulikuwa ni wa chungu. Maji yalikuwa yamechemka, na kwa agizo lake chungu kilitaka kupunguza moto. Lakini chombo cha Sikivuni hutii sheria kama kinavyomtii bwana wake. Kikangoja ruhusa. Moto ukabaki vilevile. Maji yakapungua, kikataka kuongeza, kikangoja ruhusa. Mfuniko haufunguki mpaka maharage yalainike, ndivyo kilivyolelewa. Kikaanza kutetemeka. Bi Kidawa akakishika pembeni kwa kanga iliyokunjwa, kama unavyomshika mgonjwa wa homa, akasema kwa sauti ndogo kwamba kitapasuka.

Tumtendee haki Makusanya. Alikuja mbio, akasema anatoa kibali hapohapo. Lakini kibali kinataka muhuri, na muhuri ni wa Shungi. Shungi akasema yu radhi, ila radhi yake sharti iandikwe, na kalamu ni ya mzee wa safu ya nyuma. Mzee akasema yu radhi kabisa, ila kibali chake nacho kinataka muhuri. Wakatazamana. Watu wote walikuwa radhi, na hakuna aliyeweza kuruhusu. Harufu ya maharage yanayoanza kushika chini ikaenea ukumbini, na Spika akasema kwa huzuni kwamba zimebaki saa tano nzima kufika saa kumi.

Bi Kidawa hakupiga kelele. Machozi yalimtoka tu, yakadondokea mfuniko, yakakauka kabla hayajatambaa. Sikudhani hakuweza kuvumilia. Alimwendea karani Mosi, akamwomba amsomee daftari, mstari kwa mstari, dhidi ya agizo la chungu. Punguza moto, limechukuliwa. Maji yakipungua ongeza, limechukuliwa. Rudi mwanzo, limechukuliwa mara mbili. Mgeni akiingia, ongeza kikombe cha maji. Karani akafunua ukurasa, akaurudia, akapitisha kidole toka juu hadi chini.

"Hili halimo," alisema. "Halikumjia mtu."

Sikudhani akatimua mbio kwenye mlango. Wabunge wakamwambia asijisumbue, mlango ni wa Shungi. Naye, kwa kuwa alitoka katika nchi ambayo milango ni viziwi, akauweka bega akausukuma. Ukafunguka. Inasemekana wapo waheshimiwa walioshtuka kuliko walivyoshtushwa na chungu, maana kwa vizazi viwili hakuna aliyekumbuka kwamba mlango husukumwa. Shungi aliuliza kama tendo hilo limeandikishwa. Karani akajibu kwamba hilo si agizo, hilo ni bega.

Sikudhani akasimama kwenye ngazi za Bunge, akaliita soko zima kwa sauti aliyoizoea kuwaitia wanawe chakula. Waliokuja kwanza ni watia rangi, mikono ya buluu mpaka kwenye viwiko. Sokoni walikuwa wenyeji wa chungu, lakini kizingiti cha Bunge hawakuwahi kukivuka. Wa kwanza akakivuka, mtungi ukainama, kikombe kikapita kwenye mwanzi. Wa pili, mtungi ukainama. Mluzi wa chungu ukashuka kidogo. Wakaja wafumaji, wakaja wauza nyuzi, akaja mtoza ushuru ambaye hajawahi kukaribishwa popote. Ikaja na ile harusi iliyopitiwa na jembe, ngoma yake mbele, bwana na bibi harusi wakiwa bado na udongo kwenye viatu. Mtungi uliinama, ukainuka, ukainama, mpaka watu wakaanza kuufuatisha kwa vigelegele. Chungu kikaacha kutetemeka. Kilipolainisha maharage yake kikafungua mfuniko, taratibu, na mvuke ukapaa hadi darini.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikudhani alikuwa ameyasikia maneno hayo maisha yake yote, lakini hakuwahi kuyaona yakitendeka kikombe kwa kikombe.

Wakala, wabunge na watia rangi, wote wamekaa chini, kwa kuwa viti vilikuwa bado na wenyewe. Mchuzi ulikuwa mwepesi na ulinuka moshi kidogo, na hakuna aliyelalamika. Hapo ndipo karani Mosi, mtu wa kazi yake, alipokohoa akakumbusha kwamba mstari wa mgeni bado haujaandikishwa, na kwamba atakayetangulia kuuomba ni wake kwa miaka ishirini. Vijiko vikasimama. Aliyekuwa karibu na daftari kuliko wote alikuwa Makusanya.

Alilitazama daftari, akamtazama Bi Kidawa, akamuuliza agizo hili alilipata wapi.

"La mgeni ni la marehemu mama yangu," Bi Kidawa alijibu. "La kuongeza maji nilipewa na jirani yangu Mwanakheri. Mengine Mwanakheri alifundishwa na mpishi wa hospitali. Na hilo la kurudi mwanzo, mpishi yule alipewa na bibi mmoja mfumaji, dirisha lake lilitazamana na jiko. Alimwambia, mtambo wangu umejua kurudi, chungu chako kina kiburi gani? Sisi jikoni mpaka leo tunaliita rudi ya Bibi Nuru. Kila ninayemfundisha humtajia. Sikujua kama aliacha mjukuu."

Makusanya akainama juu ya daftari. Kilemba kikamwendea upande, hakukirekebisha. Miaka yote alikuwa akilitafuta jina la bibi yake katika madaftari ya serikali, kumbe lilikuwa likitajwa kila asubuhi katika majiko ya soko, kabla maji hayajachemka. Akalifunga daftari, akaomba sahani, na akala huku analia, jambo ambalo si rahisi, hasa kwa mtu mwenye ndevu.

Saa kumi ilipofika hati zikakoma, ikabidi kura zihesabiwe, lakini kwa mazoea wote wakamtazama Makusanya, mwenye kuhesabu mikono. "Hesabuni," akasema, "na ya kwangu iwekeni upande wa hapana." Muswada ukaanguka. Badala yake akaleta mwingine wenye sentensi moja: anayefundisha agizo na ataje kwanza aliyemfundisha. Kwa ufupi wake Spika akaruhusu uonjwe jioni hiyohiyo, bila kungoja saa tatu ya kesho, kila mtu akamtajia jirani yake alichonacho na kilikotoka. Kuonja huko kulichukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu kila jina lilikuja na kisa chake, na harusi haikukubali kuondoka. Mtoza ushuru aliombwa nakala tatu za namna anavyofunga mfuko wake kwa kamba, na akatoa. Muswada huo ukapita bila kupingwa. Spika alipofunga kikao alisema neno moja tu la wahenga, kwamba kutangulia si kufika, akasukuma mlango kwa bega ili kujaribu, akacheka kama aliyezawadiwa.

Sikudhani alirudi kwao na mkeka wake umekwisha. Ukienda kwake leo utamkuta jikoni, mbele ya chungu cha kawaida kisichosikia lolote, akikitajia majina: mama yake Kidawa, kisha Kidawa, kisha Mwanakheri, kisha mpishi wa hospitali, kisha Nuru. Majirani wamezoea. Mumewe alimwuliza mara moja anaongea na nani, akaambiwa angojee zamu yake. Nawe ukipiga hodi, utamwona anakutazama, anatabasamu, anachukua kikombe, anachota maji, anayaongeza chunguni kwa mkono wake mwenyewe.